Liefer, Ndugu wa Pendo

Miongoni mwa mahujaji ambao Geoffrey Chaucer aliwapandisha farasi kuelekea Canterbury yumo msomi mmoja wa Oxford asiye na kitu. Farasi wake amekonda, mwenyewe naye mashavu yamembonyea, na joho lake limechakaa hadi nyuzi zinahesabika. Chaucer, aliyeanza kuandika kitabu chake hicho mnamo 1387, anaeleza pia kilichomfanya kijana huyo awe fukara: angekuwa radhi kuwa na vitabu ishirini vya Aristotle karibu na mto wa kitanda chake, vyenye majalada meusi au mekundu, kuliko kuwa na mavazi ya fahari au zeze la kujiliwaza. Ulaya haikuwa na matbaa bado. Kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, mara nyingi juu ya ngozi ya mnyama, na vitabu ishirini vilikuwa mali ambayo wengi hawakuiota.

Neno ambalo Chaucer alilitumia kupimia tamaa ya msomi huyo ni “levere”. Leo huandikwa “liefer”, pengine “liever”, na ni umbo la kulinganisha la kielezi “lief”. Mwanafunzi anaweza kusoma Kiingereza tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu asikutane nalo hata mara moja. Kamusi kubwa bado zinalihifadhi, zikiliwekea alama kwamba ni neno la kale au la lahaja. Maana yake ni “kwa kupenda zaidi”, “kwa radhi zaidi”. Mahali ambapo neno hilo lilisimama zamani, Mwingereza wa leo huweka “rather”.

Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, neno moja kutoka na jingine kuingia. Lakini “liefer” lilipima uchaguzi kwa mapenzi, na “rather”, kwa asili yake, lilipima kwa mbio. Lugha iliyokuwa ikisema “hiki ni kipenzi changu zaidi” ikazoea kusema “hiki nitakiwahi kwanza”. Wazungumzaji wake wengi hawajui kwamba badiliko hilo lilitokea, na ni hasara kutolijua, kwa sababu historia ya neno hili lililosahaulika inagusa majina ya watu, ruhusa za kazini, imani za dini na hata ugomvi wa walimu wa sarufi.

Mzizi wenyewe ni “leof”, neno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya mpendwa, azizi. Halikuwa neno la faragha. Wahubiri waliwafungulia waumini hotuba kwa kuwaita “leofan men”, yaani wapendwa, na ndivyo alivyoanza Wulfstan, Askofu Mkuu wa York, katika hotuba yake kali ya mwaka 1014, alipowakemea Waingereza waliokuwa wakielemewa na mashambulizi ya Wadenmark. Mtu wa chini aliposemezana na mkubwa wake alimwita “leof”, kwa heshima ileile ya “bwana wangu”. Wazazi nao waliliweka katika majina ya watoto. Leofric, jina linalounganisha upendo na uwezo, alikuwa mtawala wa Mercia aliyefariki mwaka 1057. Wengi wanamkumbuka zaidi kwa ajili ya mkewe, Godiva. Leofwine, yaani rafiki mpendwa, alikuwa ndugu wa mfalme Harold, na wote wawili waliuawa katika vita vya Hastings mwaka 1066. Baada ya ushindi wa Wanormandi, Waingereza wakaanza kuwaita watoto wao William, Robert na Richard, na majina ya Leof yakapungua kizazi baada ya kizazi.

Jina moja la jamii hiyo lilisafiri mbali kuliko mengine yote. Katika karne ya 12 mtu aitwaye Leving alimiliki ardhi magharibi ya Edinburgh, na makazi yaliyokuwa hapo yakaitwa kwa jina lake, Livingston. Leving ni Leofing ya Kiingereza cha Kale, jina lililotoka moja kwa moja kwenye “leof”. Mahali hapo pakazaa jina la ukoo, na baadaye familia za Scotland zilizokuwa na majina ya Kigaeli zikalichukua nazo. Miongoni mwao ilikuwamo familia ya David Livingstone, aliyezaliwa Blantyre mwaka 1813 na ambaye babu yake alitoka kisiwa cha Ulva. Basi jina ambalo wageni wanaonyeshwa Ujiji, mahali Stanley alipomkuta daktari huyo mwaka 1871, limebeba silabi ileile iliyomo katika “liefer”.

Ndugu wa neno hili waliobaki ndani ya Kiingereza ni wengi, ila wamevaa nguo nyingine. “Love”, pendo, ni wa kwanza, na hahitaji maelezo. “Believe”, kuamini, ni wa pili: kwa watu wa kale wa Kijerumani, kuamini kitu kulikuwa kukihesabu kuwa azizi na kukitegemea. Wa tatu ni “leave” kwa maana ya ruhusa, lile ambalo mfanyakazi huliandikia barua anapoomba likizo. Chanzo chake ni wazo la jambo linalompendeza mwenye mamlaka hata akalikubali. Waholanzi walitoa katika mzizi huo neno “verlof”, ruhusa ya askari kwenda nyumbani. Waingereza wakaliazima na kuliandika “furlough”, na mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko, mamilioni ya wafanyakazi wa Uingereza walilisikia kila siku kwenye taarifa za habari.

Kuna pia ndugu mmoja aliyejificha vizuri kuliko wote. Kiingereza kina neno “livelong”, linalotumika katika nyimbo na hadithi kumaanisha mchana kutwa au usiku kucha. Macho yanadhani humo mna “live”, kuishi. Hamna. Katika Kiingereza cha Kati liliandikwa kwa “lief”, na maana yake ilikuwa usiku mrefu mpendwa. Wajerumani mpaka leo wana msemo kama huo kuhusu usiku, na kwao neno “lieb” bado linaonekana waziwazi.

Nje ya Uingereza, ukoo huu haukudhoofika hata kidogo. Mjerumani akiulizwa kama anataka chai au kahawa, hujibu kwa “lieber”, ambalo ni “liefer” lenyewe kwa sauti za Kijerumani. Sarufi ya Kijerumani ina jambo la kupendeza hapa: kielezi cha kutaka kitu kwa moyo ni “gern”, lakini kikifika kwenye kulinganisha kinaliacha umbo lake na kuazima “lieber”, kisha “am liebsten”. Mholanzi husema “liever”. Afrika Kusini, katika Kiafrikana, “liewer” husikika sokoni, shuleni na redioni, kwa hiyo neno ambalo Kiingereza kimelizika linatumika kila siku katika bara hili. Ukitoka katika lugha za Kijerumani ukaenda mbali zaidi, unakuta mzizi uleule katika kitenzi cha Kirusi cha kupenda, “lyubit”, katika “libet” ya Kilatini yenye maana ya “inapendeza”, na katika “lubh” ya Kisanskriti yenye maana ya kutamani.

Jinsi Waingereza wa kale walivyolitumia umbo la kulinganisha inastahili kutazamwa polepole. Hawakusema “mimi napendelea”. Walisema “me wære leofre”, maneno matatu ambayo ukiyachukua moja moja ni: kwangu, ingekuwa, azizi zaidi. Mwenye kuchagua hakuwa mtendaji katika sentensi. Jambo lenyewe ndilo lililokuwa pendwa zaidi, naye alikuwa mahali ambapo upendo huo ulifika. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kupata tabu kulielewa hilo, kwa sababu anaposema “afadhali nilale njaa” au “heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi”, naye hamtaji mtu anayependelea. Ubora unatangulia, kitendo kinafuata, na mpenda anajulikana kwa kusikika tu. Hata “ingenipendeza zaidi” inamweka msemaji katikati ya kitenzi, pale anapopokea, si mwanzoni pa kutenda.

Mpangilio huo haukudumu. Baada ya mwaka 1066 Kiingereza kilizidi kupoteza viambishi vyake vya mwisho, vile vilivyoonyesha nani anatenda na nani anatendewa, na mpangilio wa maneno ukachukua kazi hiyo. Neno la kwanza katika sentensi likazoeleka kuwa mtendaji. Kitenzi “like” kilipinduka kwa njia hiyohiyo: zamani kitu kilimpendeza mtu, sasa mtu anakipenda kitu. Kwa Chaucer unayaona mapinduzi yakiendelea. Msomi wa Oxford anaelezwa kwa mtindo wa zamani, kwamba kwake ilikuwa pendwa zaidi, lakini mahali pengine katika hadithi hizohizo mtu anasema kwa mtindo mpya kwamba ana jambo hili kuwa pendwa zaidi. Ndipo ukatokea msemo “I had liefer”, ambapo “had” si wakati uliopita. Ni hali ya kudhani, kama “-nge-” ya Kiswahili: ningelihesabu jambo hili kuwa azizi zaidi.

Sasa aingie mshindani.

“Rather” ni umbo la kulinganisha la “rathe”, na “rathe” lilimaanisha haraka au mapema. Katika Kiingereza cha Kale mtu aliyefika “hraþor” alikuwa amewahi zaidi. Edmund Spenser, mwaka 1579, bado aliweza kuandika juu ya wanakondoo waliokuwa “rather”, akimaanisha waliotangulia kuzaliwa. John Milton, katika shairi la maombolezo lililochapwa mwaka 1638, aliliita “rathe” ua linalochanua mapema. Wakulima waliyaita matunda yanayowahi kuiva “rathe-ripe”, na walowezi wa Marekani wakaligeuza hilo kuwa “rareripe”, jina walilolitumia hasa kwa pichi za mwanzo wa msimu.

Njia ya kutoka kwenye mapema hadi kwenye afadhali ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Mtu akiwa na mambo mawili mbele yake, huanza na lile analolitaka zaidi. Likitangulia katika wakati, limetangulia pia katika moyo. Lugha nyingi za Ulaya zilipita njia hiyo. “Plutôt” ya Kifaransa ni “mapema zaidi” iliyounganishwa kuwa neno moja, na “piuttosto” ya Kiitaliano hivyohivyo. Wajerumani, juu ya “lieber” yao, wana “eher”, mapema zaidi, wanayoitumia panapohitaji usahihi wa wazo kuliko mvuto wa moyo. Cicero alitumia “citius” kwa maana ya “ni bora niseme”, na “citius” hilohilo ndilo linaloongoza kaulimbiu ya Michezo ya Olimpiki, ambayo awali ilikuwa vielezi vitatu vya kulinganisha vilivyopangwa mstari mmoja. Kiingereza chenyewe kilirudia safari hiyo mara ya pili kwa “sooner”, upesi zaidi, ambalo nalo likawa njia ya kusema “ningependelea”. Katika jimbo la Oklahoma neno hilo limekuwa jina la watu. Tarehe 22 Aprili 1889, saa sita mchana, ndipo ardhi ilipofunguliwa kwa walowezi, na waliovuka mpaka kabla ya saa hiyo wakaitwa Sooners. Hapo maana ya mbio imerudi peke yake.

Ukitaka kuona upendo na mbio vikigombea sentensi moja, ifungue Zaburi ya 84, pale mwimbaji anaposema angechagua kuwa bawabu katika nyumba ya Mungu wake kuliko kukaa katika hema za uovu. Wafasiri wa Mfalme James, mwaka 1611, walitumia “had rather”, msemo ambao ndani yake mna haraka. Martin Luther, karibu miaka 80 kabla yao, alikuwa ameandika “lieber” kwa Kijerumani chake. Na Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, ikatumia kitenzi cha kupenda. Msomaji wa Kiswahili katika zaburi hiyo yuko karibu na Luther na msomi wa Chaucer kuliko alivyo msomaji wa Kiingereza.

Kwa nini basi pendo likashindwa? Sababu ya kwanza ni kwamba “lief” lilinyang’anywa kazi yake kuu. Kama kivumishi chenye maana ya mpendwa, lilisukumwa na “dear”, neno jingine la Kiingereza cha Kale ambalo lilikuwa na maana mbili, azizi na ghali, na hivyo likawa na matumizi barazani na sokoni pia. Umbo la kulinganisha lilibaki bila mzazi wake. Sababu ya pili ni masikio. Sauti ya “f” ikiwa kati ya irabu mbili ilitamkwa “v”, kama inavyotokea mpaka leo katika “wife” na “wives”, kwa hiyo “lief” likazaa “lever”, neno lililoandikwa sawasawa na “lever” lenye asili ya Kifaransa, yaani wenzo wa kunyanyulia mizigo. Baadhi ya watu wakaanza kusikia humo “leave”, wakisema wangefanya jambo kwa “leave” kana kwamba wanazungumzia ruhusa. Tahajia yenye “f”, ambayo ndiyo tunayoikuta leo, ni juhudi ya kulirudisha neno karibu na shina lake.

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. “Rather” nalo lilifiwa na mzazi wake, kwani “rathe” limetoweka katika Kiingereza cha kawaida kama “lief”. Tofauti ni kwamba “rather” lilikubali kusahau lilikotoka. Lilipoacha mbio liliweza kumaanisha afadhali, kisha “kwa usahihi zaidi”, kisha “kiasi fulani”, hata likawa jibu la kuitikia kwa shauku. “Liefer” halikuweza kujitenga na upendo. Lilibaki neno la mtu anayejali, na neno la namna hiyo halifai mtu anapotaka kusema kwamba chai imepoa kiasi. Hicho ndicho kinacholifanya listahili kukumbukwa, na hichohicho ndicho kilichoiua nafasi yake.

Halikufa siku moja. Wakati wa Shakespeare lilikuwa limebaki hasa katika msemo “as lief”, yaani “ni mamoja kwangu”, “sitaona tofauti”. Hamlet anawaonya waigizaji kwamba wakiyapayuka maneno yake, basi kwake ni mamoja mpiga mbiu wa mjini ayaseme. Katika Julius Caesar, Cassius anamwambia Brutus kwamba kwake ni mamoja kutokuwapo duniani na kuishi akimwogopa mtu aliye sawa naye, na hapo Shakespeare anacheza na sauti, kwa kuwa “lief” na “live” vilisikika karibu sana. Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili. Tafsiri ilichapishwa mwaka 1963, akiwa rais, na ikarekebishwa mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mchezo ule wa sauti ni wa aina ambayo mfasiri yeyote analazimika kuuacha mlangoni. Uzito wa hoja ya Cassius, kwamba kuna maisha yasiyopendeza kuliko kutokuwapo, unaingia.

Umbo la juu kabisa, “liefest”, nalo lilidumu kwenye jukwaa. Katika tamthilia ya pili ya Henry VI, malkia Margaret anamwita mumewe “alder-liefest”, mpendwa kuliko wote. Neno zima ni mabaki ya Kiingereza cha Kale, kwa maana “alder” hapo ni “ya wote” iliyohifadhiwa na kiambishi ambacho kila mahali pengine kilikwisha kupotea. Mholanzi anaweza kumwandikia mchumba wake neno hilohilo leo, “allerliefst”, na lisionekane la kizamani.

Likiwa linaondoka, “liefer” liliacha kitu kimoja ambacho kiliwahangaisha walimu wa sarufi kwa zaidi ya karne moja. Msemo “I had rather” ulichongwa kwa kufuata “I had liefer”, na ulikuwa katika maandishi tangu karne ya 15. Liefer lilipopotea, “had” ikabaki peke yake, bila mtu kukumbuka ilifanya nini hapo. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliuhukumu kuwa msemo wa kishenzi ulioingia katika lugha majuzi tu, akashauri uachwe. Robert Lowth, askofu aliyeandika sarufi iliyopendwa ya mwaka 1762, aliona kwamba “had” hapo ni kosa na kwamba panapaswa kuwa na “would”. Wanafunzi wengi wakafundishwa kuukwepa msemo ambao Shakespeare aliuandika bila wasiwasi na ambao umo katika Biblia waliyoisoma kila Jumapili.

Aliyelimaliza shauri hilo ni mtu ambaye anastahili kujulikana zaidi. Fitzedward Hall alizaliwa Troy, New York, mwaka 1825, akafika Kolkata mwaka 1846, akajifunza lugha za India hadi akawa profesa wa Kisanskriti katika King’s College, London. Baada ya ugomvi na wanazuoni wenzake alihamia kijijini Suffolk, na kutoka huko, kwa miaka mingi na bila malipo, alisoma kurasa za majaribio za kamusi kubwa ya Oxford na kuzijaza mifano aliyoikusanya mwenyewe. Mwaka 1881 alichapisha makala ndefu katika jarida la Marekani la filolojia, akiufuatilia msemo huo karne hadi karne. Alionyesha kwa ushahidi wa maandishi kwamba “had rather” si kosa la kusikia wala uvamizi wa juzi. Ni mtoto halali wa “had liefer”. Johnson alikuwa na akili isiyo na mfano, lakini katika jambo hili alikosa subira ya kurudi nyuma, na Hall alikuwa nayo.

Vielezi vya kulinganisha vina tabia ya kusahauliwa kwamba vinalinganisha. “Near”, karibu, lilikuwa “karibu zaidi” tangu mwanzo. Shina lake ni “nigh”, na daraja la juu lilikuwa “next”. Watu waliposahau, wakaongeza kiambishi na kupata “nearer”, neno lililolinganishwa mara mbili. Shakespeare alimpa mwalimu wake mwenye majivuno, Holofernes, neno “ratherest” katika tamthilia iliyochapwa mwaka 1598, na mtazamaji alitakiwa kucheka.

Kiswahili kina hazina kama hiyo, na haizungumzwi vya kutosha. Lugha za Kibantu hulinganisha kwa vitenzi kama kuzidi, kushinda na kupita, au kwa “kuliko”. Kiarabu kina umbo maalumu la kulinganisha, lile linalosikika katika “akbar” kutoka kwenye minara kila siku. Maneno kadhaa ya umbo hilo yaliingia pwani na kuacha kazi yake. “Afadhali” ni “bora zaidi” ya Kiarabu. “Aghalabu” ni sehemu inayozidi, ndiyo maana linamaanisha mara nyingi. “Akali” ni kichache zaidi, “akthari” ni kingi zaidi, na “aula” ni kinachostahili zaidi. Mswahili anaposema “afadhali zaidi” anafanya alichofanya Mwingereza kwa “nearer”, na hakuna sababu ya kumsahihisha, kwani afadhali limekwisha kuwa la kwake.

Katika karne ya 19 Waingereza waliopenda mambo ya kale walijaribu kuliita “liefer” lirudi. Alfred Tennyson alilitia kinywani mwa Enid, mke mwaminifu wa Geraint, katika mashairi ya mfalme Arthur yaliyotoka mwaka 1859. Pale lilifaa: Enid anapima maisha yake dhidi ya heshima ya mumewe, na neno la pendo ndilo linalopaswa kuwapo. Mashairi yakauzwa sana, ila neno halikutoka ndani ya vitabu.

Nje ya vitabu lilibaki kwa watu wa mashambani, katika baadhi ya kaunti za Uingereza na kwa wazee wa sehemu kadhaa za Marekani, waliosema “as lief”, “as lieve” na “as leave” bila kujali tahajia. Na ni Marekani hukohuko ambako “rather” lenyewe lilipata mageuzi yasiyotarajiwa. Matamshi ya haraka ya “I’d rather” yalitoa “druther”, ambalo Mark Twain alilitumia kama kitenzi katika hadithi yake ya upelelezi ya mwaka 1896. Kisha likawa nomino, likachukua alama ya wingi, na mtu akaweza kuzungumzia “druthers” zake, yaani mambo ambayo angechagua kama angepewa nafasi. Afadhali imepita njia hiyo pia: katika wodi za hospitali za Dar es Salaam na Mombasa ndugu wa mgonjwa huulizana kama amepata afadhali, na hapo kielezi cha kulinganisha kimekuwa kitu ambacho mtu anaweza kuwa nacho.